Injini Haijafunguliwa

Matangazo ya kuuza magari Tanzania yana lugha yake, na ukiyasoma kwa muda unaweza kuyakariri kama ngonjera. Gari limetunzwa. Mmiliki mmoja. AC inagonga. Namba D, au namba E kwa waliojaliwa. Halidaiwi. Bei maelewano. Katikati ya sifa hizo kuna moja ambayo haikosekani: injini haijafunguliwa. Maana yake, tangu gari litoke kiwandani hakuna fundi aliyeifungua injini hiyo na kuitazama ndani. Mnunuzi anaahidiwa kitu ambacho mikono ya watu wa hapa haijakigusa.

Kwa Toyota IST iliyoshuka bandarini miaka michache iliyopita, sifa hiyo inaeleweka. Lakini tuchukue gari la namna nyingine: Datsun 120Y ya mwaka 1975, gari dogo la milango minne lenye buti nyuma. Limetolewa chini ya turubai, limenyooshwa bati, limepigwa rangi, viti vimeshonwa upya, na sasa linatafutiwa mteja. Mwenye kuliuza, kwa mazoea, atasema naye kwamba injini haijafunguliwa. Hapo kuna tatizo. Gari la umri huo ambalo injini yake haijafunguliwa ni gari ambalo halikutembea. Na gari ambalo halikutembea halina cha kutusimulia.

Hoja yangu ni kwamba historia ya gari dogo la zamani hapa kwetu imo kwenye vile vipande vilivyobadilishwa. Hoja hii inaweza kupimwa popote Tanzania, lakini ninaipima katika wilaya mbili za mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe, kwa sababu tofauti kati ya miji hiyo miwili ilitengenezwa na usafiri wenyewe.

Korogwe ilipata reli mapema. Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mkonge ulifuata reli. Mashamba yakatanda bonde la mto Pangani, na kwa miongo mingi mji ukaishi kwa king'ora cha kiwanda na filimbi ya gari moshi. Handeni haikupata reli. Handeni, ambayo enzi hizo ilikuwa wilaya kubwa iliyojumuisha Kilindi ya leo, ilibaki nchi ya barabara za udongo mwekundu: vumbi la kumfunika mtu kope wakati wa kiangazi, na utelezi wa kumrudisha alikotoka masika yakianza. Njia ya zamani ya kutoka Morogoro kwenda kaskazini ilipita Turiani, ikaingia Handeni, ndipo ikashuka Korogwe. Barabara kuu ya leo kutoka Chalinze inapita Mkata na Segera, ikiuacha mji wa Handeni kando. Kilomita 65 kati ya Korogwe na Handeni zilikuja kupata lami miaka zaidi ya 100 baada ya reli kufika Korogwe.

Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, swali la msingi kwa mtu wa Handeni mwenye gari lilikuwa litafika au halitafika. Mwendo na urembo vilikuja baadaye.

Swali hilo hilo ndilo lililozaa mashindano maarufu kuliko yote ya magari Afrika Mashariki. Mwaka 1953, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha Coronation Safari, ambayo baadaye ikaitwa East African Safari. Katika mashindano hayo ya mwanzo, magari yaliwekwa katika madaraja kwa bei yake dukani. Gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu mwenzake, kwa sababu waandaaji walitaka kujua kile ambacho mnunuzi wa kawaida angetaka kujua: kwa fedha hizi, nikinunua hili, litanifikisha?

Majibu yaliwashangaza wenye magari makubwa. Mwaka huo wa kwanza hakukutangazwa mshindi wa jumla, lakini aliyepoteza pointi chache kuliko wote alikuwa Alan Dix, akiendesha Volkswagen, gari dogo lenye mgongo wa kobe. Volkswagen ikashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na mbele yao ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1965 ndugu wawili kutoka Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na kiwanda kabla ya kufika mikononi mwao. Kwa lugha ya leo, lilikuwa gari la mkononi. Mwaka 1966 na 1967 zamu ikawa ya Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, kwa Peugeot 404. Kisha mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakaibuka na Datsun 1600 SSS, na jina la kampuni ya Kijapani ambalo wengi walikuwa wakilitamka kwa wasiwasi likaanza kutamkwa kwa heshima.

Ushindi huo ulikuwa biashara. Njia za Tanganyika, pamoja na kona na utelezi wa milima ya Usambara iliyo juu tu ya Korogwe, zilikuwa maabara ya viwanda vya Ulaya na Japani. Gari lililotoka huko likiwa na magurudumu manne lilijitangaza lenyewe. Mwaka 1969 Japani ilitoa hata filamu ndefu kuhusu mashindano hayo, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Huku kwetu tangazo lilikuwa rahisi zaidi. Mfanyabiashara wa mahindi, mwalimu mkuu au karani wa shamba la mkonge aliona gari linalofanana na lile la dukani likipita mbele ya macho yake, limejaa matope, bado linanguruma.

Datsun 120Y ilizaliwa mwaka 1973, na haikuwa gari la mashindano. Ilikuwa gari la familia, na sifa yake kubwa ilikuwa kutokunywa mafuta. Mtangulizi wake, Datsun 1200, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,171, silinda nne, kapureta moja, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. 120Y iliendelea na ukoo huohuo wa injini. Ukifungua boneti unaiona ardhi chini. Kila kitu kinafikika kwa spana, na hakuna kitu kinachohitaji kompyuta kukueleza kinaumwa nini.

Mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa na kejeli. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilibana mauzo, na ndani ya miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ikapanda karibu mara nne. Marekani, ambako watu walizoea magari makubwa kama mashua, wakakimbilia Datsun ndogo. Tanzania ilikuwa na shida nyingine: hata gari dogo lilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zikinunua chakula na mafuta ya viwanda. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limekwisha kubadili namna watu walivyolitazama gari la binafsi. Mashamba ya mkonge ya Korogwe mengi yalitaifishwa mwaka huohuo, na mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliwagusa sana wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ambao wengi wao wakahama nchi. Gari la fahari likawa na jina la kejeli, na mwenye nalo akaitwa mbenzi. Kuagiza gari dogo la binafsi kukawa jambo la kibali. Namba za SU za mashirika ya umma na ST za serikali zikawa ndizo zinazoonekana zaidi barabarani. Na Jumapili baada ya saa 8 mchana, gari la binafsi lisilo na kibali halikuruhusiwa kutembea.

Kisha mlango mwingine ukafungwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mtu wa Dodoma aliisoma habari hiyo gazetini, lakini mtu wa mkoa wa Tanga aliihisi mfukoni. Mombasa ilikuwa karibu, na Mombasa ndiko kulikokuwa na maduka ya spea. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita vilipoanza serikali ikachukua magari ya watu binafsi na ya mashirika kubebea askari na mizigo. Vita vilikwisha mwaka 1979, na mafuta yakawa adimu kuliko mwanzo.

Sasa irudishe macho Datsun yetu ya mwaka 1975. Haikuwa na umri wa miaka mitatu mpaka ulipofungwa. Haikuwa na umri wa miaka tisa ulipofunguliwa. Ile ndiyo miaka ambayo springi hulegea, klachi huisha, ringi za pistoni huchoka na injini kuanza kula oili. Kwa hesabu ya kiwanda, gari hilo lilipaswa kufa.

Halikufa, na sababu yake ni fundi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotoka mwaka 2021, anaonyesha jinsi mafundi wa Tanzania walivyoyafanya magari ya kigeni kuwa vyombo vya hapa, kwa ujuzi uliojengwa gereji hadi gereji, mara nyingi nje ya shule na nje ya mipango ya serikali. Gereji hizo tunazijua: mwembe, gogo la kukalia, mnyororo wa kunyanyulia injini uliofungwa kwenye tawi nene, na ardhi iliyokuwa nyeusi kwa oili. Hapo ndipo gasketi ilipokatwa kutoka kwenye katoni. Hapo ndipo bushi ilipochongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Springi za nyuma ziliongezewa majani ili gari linyanyuke, kwa sababu barabara ya Handeni haikumjua mhandisi wa Yokohama. Kipande cha gari lililokufa kilihamia kwenye gari lililo hai, na bomba la kutolea moshi likachomelewa hadi chuma cha asili kikabaki kidogo kuliko chuma cha kuongezwa.

Fundi huyo hakuweka sahihi. Alimfundisha tandiboi wake kwa kumpa spana ya 10 na kumkemea akileta ya 12, na tandiboi akawa fundi. Elimu hiyo haikuandikwa popote isipokuwa kwenye gari lenyewe. Mtu anayejua kusoma, akilala chini ya Datsun iliyopita miaka hiyo, ataona mwaka mmoja baada ya mwingine: hapa palichomelewa kwa haraka, hapa palichomelewa na mtu aliyejua kazi, hapa bolti si ya Kijapani, hapa springi ni ya pikapu.

Ndiyo maana urejeshaji wa magari haya si jambo jepesi. Neno lenyewe lina mtego. Kurejesha ni kulirudisha gari lilikokuwa. Lakini lilikokuwa wapi? Ukilirudisha kiwandani, itabidi uondoe majani ya ziada ya springi, bushi za tairi, bolti zisizo za ukoo na viraka vyote. Utapata gari zuri, lililonyooka kama siku liliposhuka melini. Utakuwa pia umefuta miaka yote liliyoishi Tanzania.

Soko la nje linapenda hivyo. Huko watozi wa magari ya kale hukagua kama namba ya injini inalingana na kumbukumbu za kiwanda, kama rangi ni ile ya mwanzo, kama taa ni zilezile. Kila kilichobadilishwa hupunguza bei. Nairobi nako, tangu mwaka 1970, magari hushindanishwa kwa unadhifu mbele ya waamuzi wanaochungulia hadi chini ya boneti. Sina ugomvi na mashindano hayo. Yamewafanya watu wengi wahifadhi magari ambayo yangeishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Lakini kipimo hicho kilitungwa mahali ambapo spea zilikuwa dukani wakati wote. Ukikileta Handeni kama kilivyo, unamwadhibu mwenye gari kwa kosa la kulifanya liendelee kuishi.

Na kulifanya liendelee kuishi kuligharimu. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, pikapu zikaanza kuingia. Miaka ya 1990 yakafuata magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, na Corolla ikawa ndiyo gari la mtu wa kawaida. Datsun ghafla ikawa ya kizamani. Hata jina lake lilikuwa limekufa: Nissan ilitangaza mwaka 1981 kwamba italiacha jina la Datsun, ikalifufua kwenye miaka ya 2010 kwa magari ya bei nafuu, kisha ikalizika tena mwaka 2022. Zile Datsun za zamani zikasukumwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye viti. Kwa muda mrefu gari lililolala hivyo liliendelea kulimbikiza deni la ada ya mwaka, mpaka serikali ilipoifuta ada hiyo katika bajeti ya 2017/18 na kuihamishia kwenye bei ya mafuta. Wengi walikuwa wamekwisha kuuza kwa kilo. Gari la familia likapimwa kama misumari.

Kwa hiyo Datsun inayosimama leo na bango la kuuzwa imepita katika matundu mengi: mpaka uliofungwa, vita, uhaba, mafuriko ya Corolla, na mzani wa chuma chakavu. Uchache wake unaongezwa na sheria: anayeagiza gari lililozidi miaka 10 tangu kuundwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, hivyo si rahisi mtu kuleta nyingine ya umri huo kutoka nje. Yaliyopo ni yale yaliyookolewa hapa.

Mnunuzi kijana, na najua wapo kati ya wanaosoma hapa, afanye nini? Aanze na karatasi. Namba ya chesesi na ya injini zilinganishwe na kadi kabla ya fedha kutoka mkononi, kwa sababu injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itamsumbua siku ya kubadili umiliki. Hapo sheria haina mzaha, na hadithi nzuri haimsaidii mtu dirishani. Baada ya karatasi, aangalie bati chini ya mazulia, maana rangi mpya huficha kutu kama vile shuka jipya linavyoficha godoro la zamani. Kuhusu spea asikate tamaa haraka: ukoo wa injini ile uliendelea kuundwa Afrika Kusini, kwenye pikapu ndogo ya Nissan 1400, hadi mwaka 2008.

Akimaliza hayo, aulize swali ambalo matangazo yetu hayalijibu: nani alilitengeneza? Aulizwe mzee aliyekuwa nalo, na huyo mzee amtaje fundi, na fundi kama yu hai aletwe alitazame. Aseme ni lini aliteremsha injini, pistoni alizipata wapi wakati Mombasa haikufikika, na ni nani aliyemfundisha. Yaandikwe kwenye daftari, na daftari liuzwe pamoja na gari. Gharama yake ni kalamu na mchana mmoja. Mafundi waliokuwa vijana mpaka ulipofungwa mwaka 1977 sasa ni watu wa miaka 70 na kuendelea. Gari linaweza kusubiri chini ya turubai, lakini wao hawana muda huo.

Kuna watakaosema hayo ni mapenzi ya watu wenye nafasi, kwamba mwenye kuuza anataka ada ya shule na mwenye kununua anataka picha za harusi. Nakubali kwamba ada ya shule ni jambo zito. Lakini daftari hilo linamfaa muuzaji kwanza. Dalali anaposema "bosi, hii ngoma bado kali," amesema kile ambacho kila dalali amesema kuhusu kila gari. Mwenye Datsun anayeweza kuonyesha kwamba gari lake lilihudumiwa na mikono mitatu inayojulikana, kwa sababu zinazojulikana, katika miaka ambayo nchi nzima ilikuwa ikihangaika, ana kitu ambacho hakipatikani kwenye yadi yoyote ya Dar es Salaam. Na ana sababu ya kutoshuka bei.

Pengine ndipo tutakapoanza kuona matangazo ya namna nyingine. Inauzwa Datsun 120Y ya mwaka 1975, imeishi Handeni na Korogwe. Kadi ipo. Rangi mpya, springi za nyuma zimeachwa kama fundi alivyozinyanyua. Injini imefunguliwa mara nne, na majina ya waliofungua yameandikwa.